Barua ya wazi kwa uongozi wa hoteli yetu: mnavyotukosoa ndivyo mnavyofichwa makosa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Meneja Mkuu na Wakuu wa Idara zote,
Pwani ya Kaskazini, Mombasa.

Waheshimiwa,

KUH: NAMNA WAFANYAKAZI WANAVYOKOSOLEWA KAZINI

Kwa heshima na taadhima. Jambo hili halikuanzia hadharani. Lilisemwa kwa mdomo kwa wasimamizi wa zamu, likapelekwa kwa maandishi ofisi ya wafanyakazi, likawekwa kwenye ajenda ya kikao cha pamoja, kisha likaahirishwa kwa sababu msimu wa wageni ulikuwa umeanza. Msimu ukaisha, kikao hakikuitishwa. Sasa tunaliandika wazi, bila kutaja jina la hoteli wala la mtu, maana itakuwa ajabu tumwaibishe mtu huku tukilalamikia kuaibishwa.

Mfanyakazi wa hoteli hana budi kukosolewa. Shuka lenye doa likibaki kitandani, au supu ikifika mezani imepoa, msimamizi anayeona akanyamaza anamdhulumu mgeni, na anamdhulumu mfanyakazi pia. Shida yetu ni kwamba ukosoaji wa hapa umegeuka adhabu, na mtu akishaiogopa adhabu anaendelea kukosea kama zamani, ila hasemi tena. Hoteli nayo huenda kwa kusemeshana: bomba la chumba fulani linavuja, friji ya samaki inapanda joto, mgeni wa meza ile ana mzio wa karanga. Habari kama hizo zikimkwama kooni mtu mmoja mwenye hofu, hakuna meneja atakayezijua kwa kupita korido.

Mambo yenyewe ni haya.

1. Brifingi ya asubuhi

Saa moja na robo idara zote husimama uwanja wa nyuma ya jikoni. Maoni ambayo wageni wameandika mtandaoni husomwa kwa sauti, na panapotajwa chumba kichafu, jina la mhudumu hutajwa papo hapo.

Mgeni huandika akishafika kwao, pengine wiki tatu baada ya kuondoka. Mhudumu aliyesafisha vyumba 16 kila siku tangu hapo hana njia ya kukumbuka bafu lile. Hana cha kueleza wala cha kurekebisha. Amewekwa pale asutwe tu. Halafu mengi ya malalamiko hayo hayamhusu: kiyoyozi kinachopiga kelele, intaneti inayokatika, muziki wa jirani, mwani ulioletwa na bahari usiku. Tumewahi kusikia mwani ukisomewa idara ya vyumba.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani Sally Dickerson na Margaret Kemeny walikusanya matokeo ya tafiti 208 za maabara kuhusu kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga mtu anapobanwa. Ilipanda zaidi, na ikachelewa zaidi kushuka, pale mtu alipokuwa akipimwa na wenzake katika jambo asiloweza kulidhibiti. Brifingi yetu imetimiza masharti yote mawili kana kwamba ilibuniwa kwa ajili hiyo.

Anayetaka kuona matokeo akague chumba cha kwanza cha aliyetajwa asubuhi hiyo. Akikemewa kwa ajili ya kioo cha bafu, kioo kitang'aa kupita kiasi, na karatasi ya chooni atakuwa ameisahau. Akili yake yote iko kwenye jambo lililomuumiza. Mengine, ambayo siku zote mikono yake huyafanya bila kufikiri, yanaponyoka. Saa nne ndipo anaanza kurudi katika hali yake, akiwa nyuma kwa vyumba viwili, na kwa hivyo viwili anangojewa na karipio la pili.

Kuna na suala la umri. Miongoni mwa wahudumu wa vyumba na dobi wako akina mama wenye wajukuu. Wanaitwa "wewe!" mbele ya vijana wa mafunzo ya kazi, ambao dakika chache kabla wamewaamkia shikamoo. Kijana anayeshuhudia hayo hajifunzi kutandika kitanda. Na katika mwezi wa Ramadhani tunaomba, hata kama hakuna jingine litakalokubaliwa, vikao vya kukosoana visiitwe saa kumi na mbili jioni.

2. Kosa linageuzwa kuwa tabia ya mtu

"Mzembe." "Hujali." "Nyinyi watu wa Pwani mnapenda kulala." Hilo la mwisho si la kupuuzwa kama mzaha: kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa kabila au asili yake, na mkuu wa idara anapolisema analisema kwa niaba ya hoteli.

Hata bila sheria, maneno hayo hayatengenezi kitu. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha mapitio ya vipimo 607 vya athari za kumwambia mtu alivyofanya kazi. Kwa wastani kuambiwa kulisaidia. Lakini katika zaidi ya thuluthi moja ya vipimo hivyo kazi ilishuka. Maelezo yao ni kwamba faida hupungua kadiri mawazo ya mtu yanavyotoka kwenye kazi na kuhamia kwenye nafsi yake. Ukimwambia mtu koki ina chokaa, anafikiria koki. Ukimwambia ni mchafu, anafikiria uchafu wake, anamfikiria aliyemwambia, anafikiria na waliosikia, na koki inabaki na chokaa yake.

Ukosoaji unaofaa una sehemu nne, na hauchukui dakika sita: mahali na saa, kilichoonekana, kipimo kinachotakiwa, kisha swali. Kwa mfano: "Mama, chumba 214, nimekikagua saa saba. Chujio la bafu lina nywele, na kioo kina matone upande wa chini. Kinatakiwa kikauke kabisa. Nini kilitokea?" Swali lisiachwe. Mara nyingi jibu lake halimhusu mhudumu hata kidogo: vitambaa vya kukaushia havikurudi kutoka dobi, au mgeni alirudi kuoga baada ya chumba kusafishwa.

Wakuu wachache waliopelekwa semina wamerudi na mtindo wa kufunika karipio kwa sifa mbili, moja mbele, moja nyuma. Watu walishauelewa. Siku hizi ukisifiwa tabasamu asubuhi, unajua barua iko njiani. Sifa yenyewe nayo imeharibika, maana haitolewi tena peke yake.

3. Makosa yanafichwa, na yanayofichwa ndiyo ya hatari

Hapa ndipo tungependa mtulie msome taratibu.

Tazameni fomu ya joto la friji jikoni. Inatakiwa kujazwa kila baada ya saa 4. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha baridi kikae chini ya nyuzi 5 za selsiasi, cha moto juu ya 60, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Fomu zetu zinasoma 4, 4, 4, 4, wiki nzima, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Friji ya kweli haisomi hivyo. Inayofunguliwa kila dakika wakati wa kiamshakinywa hupanda, ikifungwa hushuka. Raba ya mlango ikichanika, au koili ikijaa vumbi na chumvi ya bahari, hupanda na haishuki. Fomu isiyobadilika maana yake hakuna anayepima.

Kwa nini hapimi? Kwa sababu anayeandika 9 ndiye anayeulizwa: "Ulikuwa wapi muda wote huu?" Aliyeandika 4 bila kufungua mlango hakuulizwa kitu. Watu wazima wenye watoto wa kusomesha hujifunza somo hilo mara moja tu. Swali la kwanza kwa aliyeandika 9 lingepaswa kuwa: "Tangu saa ngapi?" Hapo ndipo chakula huhamishiwa friji nyingine, kisichojulikana kimekaa muda gani hutupwa, fundi huitwa, na saa huandikwa. Mambo hayo manne yanategemea mtu mmoja kusema kweli mapema.

Mfano wa pili ni glasi. Glasi ikivunjika karibu na sanduku la barafu pale baa, utaratibu ni mmoja: barafu yote itupwe, iliyobaki iyeyushwe kwa maji moto, sanduku lioshwe na kukaguliwa kwa taa, ndipo lijazwe upya. Ni kazi ya karibu nusu saa, na haifichiki. Kila mtu ataona baa imesimama. Mhudumu anayejua atakaripiwa mbele ya wateja na kukatwa bei ya glasi ana njia ya mkato: aokote vipande anavyoviona, aendelee kuhudumia. Kigae cha glasi ndani ya barafu hakionekani. Jikoni nako glasi zilizovunjika hufungwa kwenye kitambaa na kusukumwa katikati ya mfuko wa mabaki ya chakula, na anayekuja kuushindilia mfuko ule kwa mikono ni mwenzetu wa usafi. Kuhusu kukatana mishahara, kifungu cha 19 cha sheria hiyo hiyo kinaruhusu makato ya mali iliyoharibika pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Glasi iliyoteleza mkononi wenye majimaji haimo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alipolinganisha wadi za hospitali katika miaka ya 1990 alitarajia timu bora ziwe na makosa machache ya dawa. Akakuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizorekodi makosa mengi zaidi, na maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu waliweza kuyasema. Basi meneja anayejisifu kuwa idara yake haina ripoti ya kosa hata moja mwezi mzima, msimpongeze kabla ya kuuliza.

4. Kulaumiwa kwa hesabu isiyotimia

Zamu ya saa 8 ina dakika 480. Chumba ambacho mgeni ameondoka huchukua dakika 40 kikisafishwa kwa orodha yenu wenyewe. Ambacho mgeni bado yumo huchukua 20. Mhudumu akipewa vyumba 16 nusu kwa nusu, ni dakika 320 na dakika 160. Jumla 480. Hajala, hajapanga troli, hajangoja lifti, hajaenda dobi kufuata mito. Jumapili wanapoondoka wageni wengi, 12 kati ya 16, hesabu inafika 560, na dakika 80 hizo zaidi hutoka kwenye chakula chake au kwenye pembe za chumba. Kisha anakosolewa kwa kuchelewa, au kwa pembe.

Hakuna namna ya kumwambia kwa upole mtu afanye kisichowezekana. Hesabuni kwa alama: chumba cha kuondoka alama 2, cha kubaki alama 1, na mtu asipewe zaidi ya 21 kwa zamu. Hizo ni dakika 420, na saa moja inabaki ya chakula na maandalizi.

5. Picha za usiku

Picha ya bafu, saa nne usiku, kwenye kundi la WhatsApp lenye idara nzima, na jina la mtu aliye nyumbani na wanawe. Hawezi kwenda kulisafisha. Anachoweza ni kutolala, kisha kuja zamu ya saa kumi na mbili asubuhi akiwa amechoka kabla hajaanza. Hili halina faida hata moja, na kuliacha hakugharimu shilingi.

6. Barua za onyo, na wasiopewa hata barua

Barua za onyo hutolewa kwa Kiingereza hata kwa mtu anayejulikana kuwa anasoma Kiswahili tu, kisha anaambiwa "saini hapa". Haandikiwi kama saini ni ya kupokea au ya kukiri. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi, kabla ya kuachishwa kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua, na asikilizwe. Rundo la barua zisizoeleweka halichukui nafasi ya kikao hicho. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iko hapa hapa Mombasa, na fidia ya kufukuzwa isivyo haki inaweza kufika mishahara ya miezi 12.

Vibarua na wenye mikataba ya miezi mitatu hali yao ni ngumu zaidi. Wao hawaandikiwi. Mkataba ukiisha simu haiji, na sababu hawaambiwi. Ndiyo maana hao ndio wanaoficha zaidi, na ndio mnaowajaza Desemba hoteli ikiwa haina nafasi.

Tunajua majibu, kwa kuwa tumeshayapewa.

"Kazi ya hoteli ni ya presha." Ni kweli, na ndiyo sababu isiongezwe nyingine. Mwaka 2015 watafiti nchini Israeli walijaribisha timu 24 za wadi za watoto wachanga mahututi kwa mgonjwa wa kuigiza. Timu zilizotolewa maneno ya kudharau na mgeni aliyejiita mtaalamu zilishuka katika kutambua ugonjwa na katika kazi ya mikono. Hao ni madaktari na wauguzi waliosomea presha.

"Hatuna muda wa kumwita kila mtu pembeni." Brifingi ya watu 45 kwa dakika 15 inakula saa 11 na robo za kazi kila asubuhi. Sehemu ya kusutana ikitolewa, dakika 5 zinatosha kwa idadi ya wageni, wanaofika, wanaoondoka na tahadhari za siku.

"Mkiambiwa kwa upole hamsikii, tukipiga kelele, kesho yake kazi huwa nzuri." Hili linafanana sana na ukweli, na linawadanganya wakuu wenye nia njema. Mtu hukemewa siku aliyofanya vibaya kupita kawaida yake. Siku inayofuata, akemewe asikemewe, huwa karibu zaidi na kawaida yake, yaani nzuri kuliko jana. Daniel Kahneman, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2002, aliwakuta walimu wa marubani wa Israeli wakishikilia imani hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Kelele hupewa sifa ya jambo ambalo lingetokea lenyewe.

"Sisi jikoni tulifunzwa hivyo hivyo." Tunaamini. Tunajua pia kwamba wasimamizi wengi walipandishwa kwa kuwa walikuwa wepesi wa kazi, hawakuwahi kufundishwa kumrekebisha mtu, na wao wenyewe wanakaripiwa juu kuhusu alama za mtandaoni. Lawama ya barua hii haiishii kwao.

Tunachoomba:

a) Hakuna jina la mfanyakazi kutajwa kwa kosa mbele ya wenzake au wageni, iwe brifingi au kwenye WhatsApp. Usiku, ujumbe wa kazi uwe wa dharura tu: moto, maji, mgonjwa.

b) Kosa lisemwe ndani ya zamu ile ile au inayofuata, faraghani, kwa sehemu nne tulizotaja, na msimamizi arudi kukagua ndani ya siku 3 na kusema alichokiona, kibaya au kizuri.

c) Maoni ya mtandaoni yapelekwe kwanza kwa mkuu wa idara, yagawanywe: ya mhudumu, ya fundi, ya mpangilio, yasiyo yetu. Brifingi ipewe la kufanya, si la nani.

d) Anayeripoti kosa lake mwenyewe kabla halijamfikia mgeni asiandikiwe onyo kwa kosa hilo. Friji, barafu na dawa za bwawa zitangulie.

e) Mgao wa vyumba uhesabiwe kwa alama, kuanzia ratiba ya mwezi ujao.

f) Barua za onyo zitolewe kwa Kiswahili pia, zikiwa na mstari usemao "Nimeipokea, kupokea si kukiri", na nafasi ya mfanyakazi kuandika maelezo yake. Kibarua asiyeitwa tena aambiwe sababu.

g) Kila msimamizi afundishwe kukosoa kwa kufanya mazoezi, wawili wawili, kwa makosa halisi ya hapa, kabla ya msimu wa Desemba. Semina ya picha ukutani tumeshaiona.

Tunangoja jibu la maandishi ndani ya siku 30, libandikwe kwenye ubao wa kantini ambapo kila zamu italisoma. Tuko tayari kukaa nanyi siku yoyote, isipokuwa siku za kubadilisha wageni. Siku 30 zikipita kimya, tutaupeleka waraka huu kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi hapa Mombasa, na nakala za fomu za friji tutaziambatisha.

Wenu katika kazi,

Wawakilishi wa wafanyakazi,
Idara za Vyumba, Jikoni, Baa, Mapokezi, Dobi na Ufundi,
Mombasa.